Unataka Kushusha ama Kuinua Subaru Yako? Kama Unaendesha Meru na Embu, Soma Hii Kwanza

Wacha tuambiane ukweli: hakuna kitu humtoa kijana wa Meru ama Embu doo haraka kama Subaru. Msee anaweza kukaa na kiatu kimoja mwaka mzima, lakini ukimwambia kuna koilova zimeingia kutoka Japani, anauza hadi ng'ombe ya mamake. Na mimi sijaja kukucheka. Nimekuja kwa sababu kitu kidogo kilibaki tuzikwe nacho.

Cuzo yangu alipata Impreza WRX ya 2005, ile tunaita GDA. Nyeusi, safi, turbo inapiga mluzi. Mwezi haujaisha akaona iko juu sana. Hakuwa na doo ya springi mpya, so msee fulani wa gereji akachukua grinda akakata springi zote nne, mzunguko mmoja na kidogo kila upande. Ndai ikalala chini. Picha zikatoka moto, mabeshte wakapiga makofi.

Wiki ya tatu tukawa tunatoka Embu tukienda Chuka. Jioni, mvua imetoka kunyesha. Tumepita Runyenjes, tunateremka kuelekea mto Thuci, na unajua ile barabara, kona juu ya kona. Katikati ya kona moja kulikuwa na kiraka cha lami kimeinuka. Hatukuwa tunakimbia vibaya. Gurudumu la nyuma likapanda kile kiraka, tukasikia "TAA!", na sehemu ya nyuma ya gari ikaruka kando kama mbuzi amechapwa fimbo. Mbele yetu lori la ndizi linapanda. Cuzo alishika usukani, gari ikayumba mara mbili, ikarudi. Lori likapita na honi ndefu.

Tulisimama huko juu na tukanyamaza kama dakika tano. Jamaa ana mtoto wa miezi minane. Swali la kwanza aliniuliza lilikuwa: "Sasa niweke gani?"

Mimi si injinia. Niliacha college mwaka wa pili, hiyo stori ni ya siku ingine. Lakini kazi yangu ni kusoma, kuuliza, kisha nikuelezee kwa lugha tunaelewana. Basi kaa chini, hii ndiyo jibu nilimpea, na ndiyo jibu yako pia.

Springi na shoki si kitu kimoja

Wasee wengi hudhani ni kitu moja kwa sababu kwa Subaru zimekaa pamoja. Hapana.

Springi ndiyo inabeba uzito wa gari. Ukipita tuta, inajikunja, kisha inajinyoosha. Shida ya springi ni haijui kunyamaza. Ukiiacha peke yake, itaendelea kudunda kama mtoto kwa trampolini.

Shokamzoba, ama shoki kama tunavyoita mtaani, kazi yake ni kumwambia springi "imetosha". Ndani kuna pistoni inapita kwa mafuta kupitia vitundu vidogo. Mafuta yanakataa kupita haraka, so ule mdundo unageuka kuwa joto na gari inatulia. Ndiyo maana shoki iliyofanya kazi kwa barabara mbovu huwa moto ukiishika.

Sasa shika hii, kwa sababu ndiyo mzizi wa kila kitu: shoki lazima iwe na nguvu ya kutuliza springi uliyoweka. Ukiweka springi ngumu kwa shoki laini ama iliyochoka, gari itadunda. Ukiweka shoki ngumu sana kwa springi laini, gurudumu litachelewa kurudi chini baada ya tuta, na gurudumu likiwa hewani halina breki wala usukani. Ni kama ndoa, wawili lazima waelewane.

Kwa nini kukata springi ni kujichimbia

Turudi kwa ile kona ya Thuci. Kilichofanyika ni hesabu ya darasa la nne.

Tuseme gurudumu lako lina nafasi ya kupanda sentimita 8 kabla saspensheni igonge raba ya mwisho, ile bampstopa. Ukishusha gari sentimita 4, umebaki na 4. Tuta halijapungua, ni nafasi yako imepungua. Ukifika kwa bampstopa, hauna saspensheni tena, una rungu. Katikati ya kona, hilo gurudumu linapata kishindo ghafla, tairi linapoteza mshiko, na gari inaruka kando. Hivyo ndivyo tulikaribia kubusu lori la ndizi.

Springi iliyokatwa ina shida zingine mbili. Ya kwanza, inakuwa ngumu kidogo tu, lakini haitoshi kulipia nafasi uliyopoteza. Ya pili, mwisho wake uliokatwa haukai vizuri kwa kiti chake. Gurudumu likining'inia, kama ukipita shimo kubwa, springi inaweza kulegea na kukaa upande. Ukisikia fundi amewasha grinda karibu na springi zako, chukua funguo uende.

Barabara yako ndiyo inachagua

Video nyingi unazotazama za koilova ni za wasee wa Japani, Marekani ama Ulaya. Barabara zao ni kama meza. Yako je?

Fikiria siku ya kawaida. Unatoka Embu mjini, unapiga Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu, unaingia Meru pale Makutano. Lami iko sawa kwa sehemu kubwa, lakini kila senta ina matuta, na mengine yamejengwa kama kaburi la chifu. Mito inashuka kutoka Mlima Kenya, so barabara inateremka bondeni, inavuka daraja, inapanda tena, mara nyingi. Mvua ndefu ya Machi hadi Mei na ile fupi ya Oktoba hadi Desemba zinaosha mchanga na kuuleta kwa lami. Halafu uko na shamba ama kwa mamako, na huko hakuna lami, ni murram na mawe. Wengine mnapanda Maua kupitia milima ya Nyambene. Wengine mnateremka Isiolo kwa joto na mnyooko.

Na hii barabara haina mzaha. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa linatoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia kwa bonde la mto Nithi na watu zaidi ya 30 wakafariki. Sisemi hiyo ilikuwa mambo ya springi. Nasema ukifika pale ndiyo unajua mteremko hauna haja na luku ya gari yako.

So kabla ununue kitu, jiulize maswali manne na ujijibu bila kujidanganya:

1. Kwa siku 7, ni ngapi unaendesha kwa lami safi, na ngapi kwa matuta na vumbi?
2. Gari inabeba nani? Wewe peke yako, ama bibi, mtoto na gunia la viazi?
3. Unataka gari igeuke kona vizuri ama unataka picha?
4. Una doo ngapi, ukiweka na ile ya kufunga na ya alaimenti?

Swali la tatu ndilo wengi hudanganya.

Muulize Safari Rally

Ukidhani gari ya sports lazima ilale chini, ngoja nikupeleke nyuma kidogo. Mwaka wa 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally na Subaru Impreza. Mwaka wa 2000 Richard Burns akashinda tena na Impreza. Kabla yao Mkenya wetu Patrick Njiru alikuwa ashapeleka kale kadogo ka Subaru Vivio kwa Safari ya 1993.

Angalia picha za hizo Impreza za Safari. Ziko juu! Saspensheni ina mwendo mrefu, mbele kuna chuma ya kuzuia ng'ombe, na bomba la hewa limepanda kando ya kioo. Gari ileile ikienda kushindana kwa lami ya Ulaya, iliwekwa chini na kukazwa. Mafundi wa Subaru walikuwa na pesa ya kufanya chochote, na wakifika Kenya waliinua. Kama mabingwa wa dunia walibadilisha gari ifuate barabara, wewe na hiyo GDA ya Runyenjes ni akina nani?

Chaguo ziko tano, wacha tuzipitie

*La kwanza: shoki mpya za kiwango cha kiwandani.* Hii ndiyo inaitwa ya kuboesha na ndiyo wengi wanahitaji. Impreza ya 2005 imetimiza miaka zaidi ya 20. Kama shoki ni zile ilitoka nazo Japani, haujawahi kuendesha WRX, umekuwa ukiendesha mzoga wake. KYB ya Japani ndiyo imetengenezea Subaru shoki nyingi za kiwandani, na Excel-G zao ni za kurudisha gari ilivyokuwa mpya. Ukitaka ngumu kidogo bila kushuka, wana New SR Special. Bilstein ya Ujerumani wana B6, ngumu zaidi lakini kwa urefu uleule wa kiwandani. Tein wana EnduraPro, ambayo ndani ina bampstopa ya mafuta, yaani ukifika mwisho wa mwendo haugongi ukuta, unasukumwa polepole. Kwa matuta yetu, hiyo ni akili.

*La pili: springi za kushusha.* Hizi ni springi fupi na ngumu zilizopimwa kiwandani, si za grinda. Zinashusha sentimita 2 ama 3. Zinafanya kazi tu kama shoki ni ya kuendana nazo. Ndiyo maana Bilstein wana B8, ambayo imefupishwa makusudi kwa gari iliyoshushwa. Ukiweka springi hizi kwa shoki ya zamani, utaiua kwa muda mfupi na utarudi kwa duka. Kwa mtu wa Embu mjini na Nairobi kupitia Mwea, sentimita 2 unaweza kuishi nazo. Kwa mtu wa Kiritiri ndani ndani, sahau.

*La tatu: koilova.* Springi na shoki zimekuja kama seti, na unaweza kubadilisha urefu, na mara nyingi pia ugumu wa shoki kwa kuzungusha kitufe juu. Tein Flex Z ina hatua 16. BC Racing ya Taiwan, ile BR, ina hatua 30. Öhlins ya Uswidi ni ya wenye pesa za zamani. Hizi za katikati huuzwa takriban dola 1,000 huko majuu, so ukiweka usafiri na ushuru jua unaongea zaidi ya laki moja na nusu.

Ukinunua koilova, angalia inabadilisha urefu kwa njia gani. Kuna zile unashusha gari kwa kulegeza springi pekee. Hizo zinakula mwendo wa shoki, tunarudi kwa hesabu ya Thuci. Kuna zile mwili wa chini wa shoki unazunguka, so urefu unabadilika lakini mwendo wa pistoni unabaki. Chukua hiyo ya pili. Na hakuna sheria inasema koilova lazima iwe chini. Unaweza kuiweka karibu na urefu wa kiwandani na ufaidi ubora wa shoki.

Kitu kingine, vumbi na matope ya huku hukula nyuzi za koilova. Kama hauoshi na kupaka dawa ya kutu, mwaka ukiisha zimeshikana na hauwezi kubadilisha chochote. Umelipia kitu cha kuzunguka na hakizunguki.

*La nne: kuinua na spesa.* Hii ndiyo dawa ya Kenya nzima. Matuta yamekuchosha, unaweka spesa na gari inapanda inchi moja. Si mbaya, lakini elewa ulichonunua. Spesa inainua mwili wa gari, haiongezi mwendo wa saspensheni. Ikiwekwa juu ya shoki, inasukuma kila kitu chini, na pembe ya ekseli za mbele inazidi. Raba za CV zinaanza kupasuka, mafuta yanatoka, mchanga unaingia, na sasa una mlio wa "ka-ka-ka" ukikata kona. Ikiwekwa chini ya springi, shoki inakaa ikiwa imenyooka karibu kufika mwisho, so ukishuka tuta unasikia kishindo cha juu.

Pia gari ikiwa juu, uzito umepanda. Itainama zaidi kwa kona. Usisahau hiyo ukiwa unateremka Nithi.

Ukiinua, baki kwa sentimita 2 hadi 3. Chagua spesa imara iliyotengenezewa gari yako, si kipande cha raba ya tairi kimechongwa na panga. Njia bora zaidi ni springi ndefu zilizoundwa za kuinua. King Springs ya Australia wanatengeneza za Subaru, na huko pia wana murram ya kutosha.

*La tano: za kutumika kutoka Japani.* Unapata shoki na springi za STI zimetolewa kwa gari iliyovunjwa. Bei tamu. Zinaweza kuwa dili ama zinaweza kuwa takataka yenye jina kubwa. Nitakuonyesha vile unazipima hapo chini.

Ile namba ya springi inamaanisha nini

Utaona imeandikwa kilo 4 kwa milimita, ama 6, ama 8. Usiogope. Kilo 4 kwa milimita inamaanisha ili kuikunja milimita moja unahitaji kilo 4.

Sasa weka kilo 100 zaidi juu ya gurudumu moja. Springi ya kilo 4 itashuka milimita 25. Springi ya kilo 8 itashuka milimita 12 na nusu. Unaona? Ya pili haiinami kwa kona na inajibu haraka. Lakini tuta likija, ile nguvu ambayo springi haikula inakuja kwa mgongo wako, kwa bushi, na kwa bodi ya gari.

Koilova nyingi za Impreza huja kati ya kilo 5 na 8. Kwa barabara ya Meru na Embu, chukua upande wa chini. Ngumu si haraka. Kwa lami yenye viraka na maji, gari laini yenye shoki nzuri inashika barabara kuliko gari ngumu inayoruka ruka kama panzi. Mshiko ni tairi kugusa chini, basi.

Jinsi ya kununua bila kuingizwa box

*Jua chasi yako.* Usiende dukani ukisema "nataka shoki za Impreza." GDA ni WRX ya saluni, GGA ni WRX ya stesheni, GDB ni STI ya umbo hilohilo. Zinafanana machoni lakini usidhani kila kitu kinaingiliana. Zile mpya zaidi kama GRB na GVB, nyuma hata zina mfumo tofauti kabisa na wa GDA. Piga picha ya kibati cha chasi, umtumie muuzaji, kisha ulinganishe namba ya kifaa kwa katalogi ya kampuni yenyewe.

*Pima za kutumika.* Fanya hivi mbele ya muuzaji:

- Angalia kama kuna mafuta yametoka juu ya mwili wa shoki. Vumbi kavu ni sawa, uchafu uliolowa ni hapana.
- Pitisha kidole kwa ile chuma inayong'aa. Kama ina mikwaruzo ama kutu, sili itakatika hivi karibuni.
- Isimamishe, uisukume chini kwa nguvu. Iende polepole na kwa usawa. Kama kuna mahali inaanguka bure bila kukataa, ndani kumeisha. Zile za gesi zinafaa kurudi juu zenyewe.
- Linganisha kushoto na kulia. Zikihisi tofauti, wacha.

*Jihadhari na feki.* Box ya KYB si KYB. Angalia uchapishaji, namba iliyochongwa kwa shoki yenyewe, na bei. Kama bei ni nusu ya kila duka lingine, hiyo si bahati. Omba risiti yenye jina la duka na namba ya kifaa. Ukiuziwa feki, kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, na bila risiti utawaambia nini?

*Nunua kwa jozi.* Shoki moja mpya kushoto na ya zamani kulia ni kama kuvaa kiatu kimoja cha kisigino. Mbele mbili, ama nyuma mbili, ama zote nne.

Siku ya kufunga, usiende kunywa chai

Kaa hapo. Mheshimu fundi, mwite fundi ama mzee vile inafaa, lakini kaa hapo. Mambo ya kuangalia:

Moja, ile bolti ya juu inayoshika shoki ya mbele kwa habu ya Subaru ndiyo hurekebisha kemba, yaani vile gurudumu limeinama. Fundi mzuri huweka alama kabla ya kuitoa. Asipoweka, utatoka hapo na gari inavuta upande mmoja.

Mbili, usirudishe raba za juu na bampstopa zilizochoka kwa shoki mpya. Ni doo kidogo na kazi imeshafunguliwa. Angalia pia bushi, boljointi na linki za stebilaiza. Mara nyingi ule mlio ulidhani ni shoki ulikuwa bushi.

Tatu, na hii wengi hawajui: bolti za bushi zikazwe mara ya mwisho gari ikiwa imekaa kwa magurudumu yake, si ikiwa imening'inia kwa jeki. Zikikazwa hewani, raba inajipinda muda wote gari ikishuka chini, na bushi mpya inakatika mapema.

Nne, kufungua springi kwa struti kunahitaji kifaa cha kukandamiza springi. Hiyo springi ina nguvu ya kukuvunja taya. Ukiona fundi anatumia kamba na maombi, simama mbali.

Tano, baada ya kufunga, nenda alaimenti. Si kesho kutwa, siku hiyo. Kisha rudi baada ya wiki mbili, kwa sababu springi mpya hukaa kidogo na vipimo hubadilika. Tairi za Subaru si bei ya sukuma wiki, usizile upande mmoja kwa kukwepa alaimenti.

Koilova yako ina kitufe, usikizungushe kama redio

Anzia katikati. Chagua kipande kimoja cha barabara unachokijua, chenye tuta na kona, na ukipite kwa mwendo wa kawaida wa kisheria. Badilisha hatua mbili, upite tena. Gari ikiendelea kudunda baada ya tuta, ongeza ugumu. Ikiwa kila kijiwe kinakugonga kwa meno na gurudumu linaruka, punguza. Andika namba kwa simu. Mvua ikianza, punguza hatua kadhaa.

Halafu iambie bima yako kuwa umebadilisha saspensheni. Najua hautaki. Lakini siku ya ngori, mkadiriaji akipata kitu hakiko kwa makaratasi, hiyo mazungumzo itakuwa ndefu, na wewe ndiye utakuwa unaomba.

Kama doo ni kidogo, fuata hii mpangilio

Kwanza tairi nzuri zenye upepo sahihi. Pili breki. Tatu bushi na boljointi. Nne shoki mpya za kiwango cha kiwandani. Tano alaimenti. Ukifika hapo, endesha mwezi mzima. Wasee wengi wakifika hapo hugundua gari walikuwa wanataka ndiyo hii, ilikuwa tu imechoka. Ukiona bado unataka zaidi, sasa anza kufikiria koilova.

Usianze na koilova kwa tairi kipara. Hiyo ni kuvaa suti bila suruali.

Cuzo aliishia wapi?

Alitaka koilova. Nikamwonyesha hesabu, akanuna siku mbili. Mwishowe tulitafuta springi za kiwandani za GDA zilizokuwa sawa, akanunua shoki mpya nne, raba za juu mpya, bushi za mbele, na alaimenti. Ilimchukua miezi mitatu kuchanga, na hiyo miezi mitatu gari ilikaa kwa nyumba kwa mamake imefunikwa na turubai. Mabeshte walimcheka eti Subaru imegeuka kuwa kuku anaangua.

Siku ya kwanza alipoitoa tulipita njia ileile. Runyenjes, kisha mteremko wa Thuci, na kile kiraka bado kipo. Gari ikapanda, ikashuka, ikanyamaza. Hakuna "taa", hakuna kuruka. Cuzo akaniangalia akasema tu, "Kumbe hivi ndivyo inafaa kuwa."

Nyuma kwa kiti cha mtoto, yule mdogo alikuwa amelala fofofo. Hakuamka hadi Chuka.